Mwacheni mtoto na hadithi yake

Leo nina kosa la kuungama mbele yako.

Likizo ya Desemba tulitoka Kitengela kwenda Rombo, kule chini ya Mlima Kilimanjaro, kumjulia hali mama yangu. Binti yetu wa miaka 15 alipakia riwaya mbili. Hatujafika hata Emali, nikamkemea: "Weka hadithi hizo, shika hesabu!" Je, mzazi mwenzangu, wewe hujapata kusema hivyo?

Basi jioni ya pili, ng'ombe wakiwa wameshaingia bomani, nikamsikia jikoni akimsimulia nyanya yake kimojawapo cha vitabu hivyo. Kilikuwa Blossoms of the Savannah, riwaya ya Kiingereza ya Henry ole Kulet iliyotoka mwaka 2008. Baba aliyepoteza kazi mjini Nakuru anairudisha jamaa yake Nasila. Binti zake wawili, Taiyo na Resian, wanatamani chuo kikuu, kumbe kule wanangojwa na wembe na ndoa.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sisi hakuna aliyetuuliza." Hayo tu. Mimi nina mvi kichwani, na sikuwa nimewahi kumsikia akiligusia jambo hilo.

Ukeketaji ulipigwa marufuku nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011. Lakini sheria haiketi jikoni ikazungumza na nyanya na mjukuu. Riwaya ndiyo iliyoifanya kazi hiyo, riwaya ile ile niliyotaka ifungiwe mkobani.

Kwa hiyo sasa sinyang'anyi, napendekeza. Mwenye kijana apendaye safari ampe Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996: kijana anaondoka Tanga na kuingia Kenya kumtafuta babake. Mwenye mtoto mdogo zaidi, aliyepagawa na habari za ng'ambo, aanze na Ndoto ya Amerika ya mwandishi huyo huyo. Aliyekwisha kukomaa yuko tayari kwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei, inayosimulia jamaa zilizosambaratishwa na ghasia za baada ya uchaguzi. Walibora alituacha mwaka 2020 na Kulet 2021, lakini vitabu vyao vingali vinazungumza.

Sasa, utapendekezaje? Usimpe mtoto riwaya kama dawa chungu. Kisome kitabu wewe kwanza. Msimulie mwanzo tu, halafu unyamaze. Kikimchosha, mruhusu akiache ashike kingine. Na akimaliza, usimwulize "Umejifunza nini?" kama mtahini, mwulize ni nani humo aliyemkasirisha. Hapo utasikia mengi.

Nanyi wanafunzi, msiifanye riwaya pango la kuikimbilia mnapoiogopa hesabu. Kila kitu na wakati wake. Azimaneni vitabu, na mkiazima, rudisheni.

Tuliporudi Kitengela, mkobani mlikuwa na riwaya moja tu. Ile nyingine ilibaki Rombo kwa binamu zake, na mtunzaji wake ni nyanya mwenyewe. Hajui kuisoma, lakini anajua ni nani aliyeichukua na lini ataidai.

Tukutane Jumapili ijayo, majaaliwa.