Bi Harusi na Mlima: Fungate Si Lazima Iwe Hotelini



Tangu Idi ipite, dukani kwangu hapakaliki. Huyu anataka gauni lenye mkia, yule anataka la kutiwa shanga kifuani, wa tatu kabadilisha rangi na harusi ni Ijumaa. Kila nikimpima bi harusi kiuno, namuuliza swali lilelile: "Fungate mnakwenda wapi?" Jibu huwa hoteli ya ufukweni, siku tatu au nne, na mara nyingi kwa pesa za kukopa. Mmoja wao alirudi baada ya miezi miwili nimpunguzie nguo, akaniambia bado wanalipa zile siku tatu. Nikamuuliza, "Mlizungumza nini huko?" Akafikiri kidogo, akanijibu: "Tulipiga picha."

Jibu lile halikunitoka. Ndiyo maana leo nasema maoni yangu wazi, atakayekasirika anisamehe: naona fungate ingefaa itembee kwa miguu. Hata nyinyi mlioolewa miaka kumi iliyopita, mnahusika.

Wengi mnanijua kwa nguo, hamjui nilikotoka. Nimezaliwa Murungu, Kibondo, huko juu Kigoma, kwenye vilima vya udongo mwekundu, migomba na maharage. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ushonaji, nikaolewa, nikaja Unguja. Biashara alhamdulillah imekua, lakini nimeilipia kwa mwili. Nakaa kwenye cherehani saa 10 kwa siku. Mwaka jana kichwa kilinigonga wiki nzima, nikaenda kupimwa, presha iko juu. Nina miaka 34. Daktari hakuanza na dawa, aliniuliza: "Unatembea?" Nikacheka. Nitembee niende wapi?

Nilipokwenda nyumbani kumwona mama, nikapata jibu. Mama amepita miaka 60. Alfajiri baada ya kusali anachukua jembe, anashuka bondeni, anapanda kilima cha pili hadi shambani. Siku ya kwanza nilimfuata nikiwa mikono mitupu, yeye ana jembe na ndoo. Nusu ya kilima nilikaa chini. Alisimama akanisubiri, akasema, "Mwanangu, huko kisiwani wanakubeba?" Nilicheka naye, lakini usiku nililia. Mama yangu ananisubiri mimi, badala ya mimi kumsubiri yeye!

Mume wangu alipokuja kunichukua, nikamwomba tusirudi moja kwa moja. Tukapita Kasulu, tukateremka hadi Kigoma mjini, kisha Ujiji. Mji ule ni wa Kiislamu na wa zamani. Misafara ya pwani iliishia pale baada ya kutembea zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Bagamoyo, na kati ya waliotembea walikuwemo wanawake, wengine kwa hiari na wengine, Mungu awarehemu, kwa minyororo. Kesho yake tulipanda boti Kibirizi kwenda Gombe.

Gombe haina barabara ya gari. Unafika kwa boti ya Ziwa Tanganyika, na ukishashuka ni miguu yako tu. Upande huu una ufukwe wa mawe na kokoto, upande ule milima imesimama kama ukuta, na katikati yapo mabonde yenye vijito vinavyoshuka ziwani. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na migongo ya milima inapita mita 1,500. Kwa hiyo ukikusudia kufika juu, unapanda kweli. Njia zipo: moja inakwenda maporomoko ya Kakombe, nyingine inapanda hadi kilele wanachokiita cha Jane, alipokuwa akikaa Jane Goodall na darubini kuwatafuta sokwe.

Habari ya mama huyu ilinigusa. Alifika Gombe Julai 1960, akiwa na miaka 26. Wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali binti akae msituni peke yake, basi akaja na mama yake mzazi. Mama alikaa kambini, akawa anawagawia wavuvi dawa ndogondogo, na binti akapanda milima. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, dunia nzima ikimjua. Sisi tukiambiwa mwanamke asafiri na mtu wake tunaona tumefungiwa mlango. Mwenzetu aliandamana na mama yake, na mlango ukafunguka.

Sasa niwaambie yaliyonipata mimi. Nilipanda na baibui langu la kila siku, kitambaa cha kuteleza, pindo linafagia chini. Tulipokuwa tunashuka nililikanyaga, nikateleza, nikakaa kwenye tope mbele ya mume wangu na kijana aliyekuwa akituongoza. Mume wangu akanyoosha mkono. Nilidhani atacheka, kumbe mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Miaka 9 ya ndoa, sikuwahi kujua kuwa mume wangu anaogopa mteremko. Tulishuka tumeshikana hadi chini, hatua kwa hatua, kila mmoja akimwambia mwenzake akanyage wapi. Adhuhuri tulitia udhu kwenye maji baridi, tukapunguza sala kama wasafiri, yeye imamu na mimi nyuma yake, mawimbi yakigonga kokoto. Sijawahi kuwa na fungate kama ile.

Hotelini kila mtu ni mwema, kwa sababu chakula kinaletwa na kitanda kinatandikwa na mtu mwingine. Njiani utamjua mwenzako. Je, anakusubiri au anatangulia? Maji yakibaki kidogo, anakupa kwanza? Ukichoka, anakukaripia? Na wewe je, unanung'unika au unashukuru? Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, mara moja akashindwa, mara nyingine akashinda. Kucheza na mkeo njiani si uhuni, ni sunna iliyosahauliwa.

Najua mtakayonijibu. La kwanza, "Kupanda milima ni mambo ya Wazungu." Dada yangu, kila anayekwenda Makka huenda mara saba kati ya Safa na Marwa, na zile ni nyayo za nani? Ni za Bibi Hajar, mama aliyekuwa akimtafutia mwanawe maji kati ya vilima viwili. Wanaume na wanawake wa umma mzima wanafuata njia ya mwanamke mmoja.

La pili, "Stara itaharibika." Hapa nazungumza kama fundi. Kinachotuangusha ni mshono mbaya, stara haina kosa. Baibui la mlimani liishie kwenye kifundo cha mguu, lisifagie. Liwe la pamba, si la kuteleza, si lasi. Chini liongezwe vipande vya pembeni ili upige hatua ndefu bila kubana. Ndani vaa suruali pana, mikononi tia lastiki ili ukishika mti mkono usivuke, na hijabu iwe ya kuvaa kichwani moja kwa moja, bila pini. Shona mifuko miwili. Miguuni raba zenye meno. Nililishona la kwangu niliporudi, na halijaniangusha tena.

La tatu ndilo zito, na alilisema mama yangu mwenyewe: "Mnalipa nauli kuja kupanda milima? Sisi tunaikimbia." Ana haki. Kwake kilima ni kazi, ni kuni na jembe. Kwa hiyo nasema, ukienda nyumbani kwenu bara, mlima wako wa kwanza uwe ule anaoupanda mama yako, na ukiupanda beba ndoo yake. Utalii mwingine ufuate baada ya hapo.

Msiende peke yenu. Nenda na mumeo, au kaka, au kundi la wanawake mnaoaminiana. Gombe ingia na muongozaji, lipa kiingilio cha Mtanzania ambacho ni kidogo sana kuliko cha mgeni, na ukiwa na mafua usiwakaribie sokwe, maana maradhi yetu wanayapata. Mwenye uwezo aende Mahale, kusini zaidi, ambako mlima Nkungwe unafika mita 2,462 na hifadhi nzima hutembelewa kwa miguu. Asiye na uwezo aanzie Masingini, au Jozani, au msitu wa Ngezi kule Pemba. Mlima hauna budi kuanza kidogo.

Mimi sasa natembea kila baada ya Alfajiri, na kipimo cha mwisho presha ilikuwa imeshuka. Mwezi ujao nakwenda Murungu. Nimemwambia mama mwaka huu ndoo ni yangu.

Bi harusi, ukija kupimwa nitakuuliza tena swali langu. Ukinijibu "tunakwenda kutembea", nitakushonea baibui la mlimani kabla sijagusa gauni.

Wassalaam.