KORTI YA KAZI NI YETU, LAKINI MLANGO WAKE UKO WAPI?



Mwanachama wetu mmoja, mlinzi wa usiku, alilinda stoo ya tajiri fulani kwa miaka tisa. Siku moja akaambiwa kwa mdomo tu asirudi tena. Hakupewa notisi, hakupewa barua, wala hakuulizwa neno. Akaenda kwa chifu. Tajiri akaitwa, akaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja ukapita. Akaenda kwa afisa wa kazi, na huko pia tajiri akaahidi. Kila mzee aliposema ataenda kortini, alijibiwa: "Korti ya kazi iko Nairobi, nauli utaitoa wapi?" Mwishowe aliuza mbuzi wawili akafika kwa wakili, na siku hiyo miaka mitatu na miezi minne ilikuwa imepita tangu afukuzwe. Wakili akasoma, akamrudishia karatasi zake. Sheria ya Kazi ya 2007 inampa mfanyi kazi miaka mitatu ya kupeleka shauri lake, basi. Ahadi za tajiri mbele ya chifu hazisimamishi hesabu hiyo, na hata mazungumzo kwa afisa wa kazi hayaisimamishi.

Tajiri yule alimdhulumu mzee mara mbili, na mara ya pili alisaidiwa na sisi wenyewe. Chama kilijua habari hii. Mimi ninayeandika nilijua pia, nikanyamaza nikidhani mambo yanaendelea. Tena lile neno la kwamba korti ni Nairobi tu lilikuwa uwongo, na hakuna hata mmoja wetu aliyelikanusha.

Korti hii hatukupewa kama sadaka. Wazee wetu waliijua korti ya namna nyingine. Kwa Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906, mtu aliyeacha kazi kabla ya muda wake alipelekwa kwa hakimu kama mwizi, akatozwa faini au akafungwa. Kisha ikaja sheria ya kipande ya 1915, na baada ya vita watu wakaning'iniziwa kipande shingoni, mtoro apate kutafutwa nchi nzima. Kukosana na tajiri kulikuwa kosa la jinai, na mwenye kosa alijulikana kabla kesi haijaanza.

Kilichobadili mambo ni mgomo. Januari 1947 wafanyi kazi wa Mombasa walisimamisha mji, bandari na reli pamoja. Serikali ikalazimika kuweka baraza la kuamua mishahara, chini ya Jaji Thacker. (Ndiye Thacker yule yule aliyemhukumu Kenyatta na wenzake kule Kapenguria 1953.) Mishahara ikaongezwa, lakini Chege Kibachia aliyewaongoza wagomaji akakamatwa mwaka huo huo akahamishiwa Baringo. Makhan Singh naye alikamatwa Mei 1950 na hakuachiliwa mpaka 1961. Miaka kumi na moja! Kijana anayelipa mchango wake leo kwa kunung'unika na aifikirie hesabu hiyo.

Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, Serikali, waajiri na vyama vya wafanyi kazi walitia sahihi Mapatano ya Viwanda, na 1964 Korti ya Viwanda ikaanzishwa. Rais wake wa kwanza alikuwa Saeed Cockar. Uamuzi wake ulikuwa wa mwisho, bila rufani, jambo lililowaudhi matajiri wengi. Lakini msidhani ilikuwa huru kabisa. Mashauri yalipitia kwanza kwa Waziri. Halafu 1973 Waziri wa Fedha akatoa maongozi ya mishahara ambayo korti ilitakiwa kuyafuata, na kwa miaka ishirini hivi, mpaka yalipolegezwa 1994, bei ya unga ilipanda inavyotaka huku nyongeza ya mshahara ikifungwa kamba. Jaji angeweza kukuonea huruma. Hesabu ilikwisha kupigwa kwingine.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyoiinua korti hii. Kwa kifungu cha 162 ikapewa cheo sawa na cha Mahakama Kuu. Sheria yake ilitungwa 2011, na 2014 ikabadilishwa jina ikawa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo someni polepole. Sawa kwa cheo si kusema ni kitu kimoja. Pale Kitui mjini iko Mahakama Kuu, na mtu wa Zombe akiiona hudhani amefika. Hakufika. Katiba yenyewe, kifungu cha 165, inaikataza Mahakama Kuu kushika mashauri ya kazi, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilithibitisha katika kesi ya Karisa Chengo kwamba majaji wa upande mmoja hawawezi kusikiza mambo ya upande wa pili. Ukipeleka shauri lako la kazi hapo litatupwa nje, na miaka yako mitatu inaendelea kuliwa.

Lakini katika mji huo huo kuna hakimu. Tangu Juni 2018, kwa tangazo la Jaji Mkuu katika Gazeti la Serikali, mahakimu wa cheo cha Hakimu Mkazi Mwandamizi na kuendelea wanaweza kusikiza shauri la kazi la mtu ambaye mshahara wake wote kwa mwezi hauzidi shilingi 80,000. Niambieni, ni walinzi wangapi wa Zombe, wauza duka wangapi, wapakia mchanga wangapi wanaopata zaidi ya hapo? Mlango wa mzee wetu ulikuwa safari ya matatu moja tu.

Mambo ya chama ndiyo magumu. Tajiri akikataa kukitambua chama ambacho zaidi ya nusu ya watu wake wamejiunga nacho, au akikata michango na kukaa nayo, tunakwenda kwanza kwa mpatanishi, na tusipoafikiana tunakwenda kwa jaji wa korti ya kazi mwenyewe. Mapatano ya pamoja pia huandikishwa kwake. Hapo ndipo mashahidi hupanda gari usiku, wakalala vitini, wakaambiwa asubuhi kwamba kesi imesogezwa.

Huko Marekani korti za wilaya za serikali ya shirikisho zilianza 1789. Leo wilaya ni 94, na kila moja ina korti yake. Sisi tuna kaunti 47, na sheria ya 2011 inasema wazi kwamba korti ya kazi ihakikishe huduma zake zinapatikana kwa haki katika kaunti zote. Basi tunadai jaji wa kazi aketi Kitui kwa tarehe zinazojulikana na kutangazwa mapema. Watatuambia kwamba sasa kesi husikizwa kwa video. Vizuri kwa wakili aliye ofisini. Shahidi wetu anayepanda kilima kutafuta mtandao, simu ikizimika katikati ya maswali, ataandikwa kwamba hakuhudhuria? Tena haya yote yapangwe kabla makaa ya mawe ya Bonde la Mui hayajachimbwa. Eneo moja la makaa hayo limeitwa Zombe–Kabati, na mgodi huleta mashauri kabla haujaleta mali.

Wala nisiwadanganye kwamba korti hii ni mama yetu. Juni 2015 iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, na Novemba Mahakama ya Rufani ikaifuta. Februari 2017 iliwafunga viongozi wa madaktari kwa kuidharau amri yake juu ya mgomo. Ni silaha, na silaha humtii aijuaye. Lakini viongozi wetu wanangoja wakili hata kwa jambo dogo, wakati sheria inamruhusu ofisa wa chama kusimama mwenyewe na kumsemea mwanachama! Kamati ya tawi itueleze ni lini mara ya mwisho mmoja wao alisimama.

Nawe uliyeitwa ofisini leo kuambiwa una makosa, kumbuka kwamba kabla ya kukufukuza kwa makosa hayo ni lazima uelezwe kwa lugha unayoifahamu, hata kama ni Kikamba, na mwenzako au mjumbe wa chama akiwa kando yako. Umefukuzwa bila haki? Korti yaweza kukupa fidia mpaka mishahara ya miezi kumi na miwili. Andika tarehe ya siku hiyo, uje ofisi ya tawi juma hilo hilo, si mwaka ujao. Leta barua ya kuandikwa kazi na karatasi za mshahara. Kama hukupewa karatasi yo yote, njoo vivyo hivyo: tajiri ndiye atakayetakiwa kueleza kwa nini hakuandika.