Kapelo, Jezi na Suala la Uhalisi

Katika masoko na magulio ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga hadi Nkwenda na Murongo, kofia yenye ukingo mbele, ambayo watu huiita kapelo, ni bidhaa ya kawaida. Hutandazwa juu ya turubai pamoja na jezi za mpira, za mitumba upande huu na mpya upande ule. Kijana wa sekondari aliyepewa fedha kidogo baada ya mauzo ya kahawa huinama, akachukua moja yenye herufi N na Y zilizopishana, akaigeuza ndani na nje, kisha akauliza: ni orijino au feki? Muuzaji huapa kwamba ni orijino. Kijana hulipa, na mjadala huhamia shuleni, ambako wenzake hutazama kibandiko na kutoa hukumu.

Swali la kijana huyo si la kipuuzi. Linahusu fedha ya mkulima, na zaidi ya hapo linahusu njia ambayo binadamu hupita ili ajue kwamba kitu ni cha kweli. Kasoro iliyopo ni kwamba neno moja, uhalisi, hubebeshwa mambo matatu yasiyofanana: nani aliyekitengeneza kitu, kimetengenezwa kwa mali gani, na kinakumbusha historia ipi. Jambo la kwanza husomwa kwenye kibandiko, na kibandiko huweza kughushiwa. Mambo mawili yaliyobaki yanaweza kuchunguzwa na mwanafunzi yeyote, lakini ndiyo yanayosahauliwa. Yafaa walimu na wanafunzi wayatafakari, maana hasara ya kuyasahau ni kubwa kuliko bei ya kofia.

Kofia iliyozaliwa na kazi

Kapelo ilitokana na besiboli, mchezo wa Marekani ambamo mpira mdogo mgumu hupigwa kwa gongo na wachezaji hukimbia kuzunguka vituo vinne. Klabu ya Knickerbocker ya New York ilipokubaliana juu ya sare mwaka 1849, ilichagua suruali za sufu za buluu, shati nyeupe za flaneli na kofia za mabua. Kiasi cha mwaka 1860 klabu ya Excelsior ya Brooklyn ilikuwa ikivaa kofia ya kitambaa yenye ukingo mbele, na hiyo ndiyo mzazi wa kapelo ya leo.

Umbo lake lilifuata mahitaji. Mchezaji hulazimika kuufuata kwa macho mpira ulio juu angani, kwa hiyo ukingo humkinga na mwanga wa jua. Vitundu vilivyozungushiwa uzi hupitisha hewa ya moto na mvuke wa jasho. Vipande sita vya pembe tatu vilivyoshonwa kukutana kwenye kifungo cha utosini ni jawabu la tatizo la jiometria: kitambaa bapa hakiwezi kufunika umbo la tufe pasipo kukunjamana, isipokuwa kikatwe vipande. Tatizo hilo hilo humkabili mchora ramani anayetaka kuihamishia dunia ya mviringo kwenye karatasi. Mwalimu anayefumua kapelo kuukuu mbele ya darasa amekwisha kupata zana ya kufundishia.

Kutokana na kazi hiyo hiyo mtu huona pia upungufu wake. Karagwe na Kyerwa ziko karibu na Ikweta, na adhuhuri jua huwa karibu utosini. Kapelo hukinga uso, ikaacha masikio na shingo wazi. Kwa mwanafunzi mwenye ualbino, kofia ya ukingo mpana pande zote ni bora zaidi, hata kama haina nembo yoyote.

Nembo ya kuazima

Herufi N na Y zinazopendwa na vijana ni nembo ya klabu ya Yankees ya New York. Asili yake ni nishani iliyobuniwa mwaka 1877 na kampuni ya Tiffany kwa ajili ya askari polisi wa mji huo, na klabu ikaanza kuitumia mwaka 1909. Hata leo herufi za kwenye kofia hazilingani kabisa na zile za kifuani mwa jezi ya klabu hiyo hiyo. Hivyo nembo inayotajwa kuwa kipimo cha uhalisi, yenyewe ni ya kuazima na ina sura zaidi ya moja.

Mwaka 1996 mtengenezaji wa filamu Spike Lee aliiomba kampuni ya New Era ya Buffalo imshonee kofia ya Yankees yenye rangi nyekundu, ilhali rangi ya klabu ni buluu iliyokoza. Kofia hiyo ilishonwa na kiwanda ambacho tangu mwaka 1993 ndicho pekee kilichokuwa na idhini ya kuvalisha timu zote za ligi kuu. Je, kofia ile nyekundu ilikuwa halisi? Kwa kigezo cha mtengenezaji, ndiyo. Kwa kigezo cha historia ya timu, hapana. Na kofia ya buluu iliyokoza iliyoshonwa katika karakana isiyojulikana hufuata rangi ya historia, lakini haina mtengenezaji wa kuiwajibikia.

Hayo hayahalalishi kughushi nembo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza jambo hilo nchini Tanzania, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia. Linalopasa kueleweka ni kwamba anayeuliza "ni orijino?" hajauliza swali kamili mpaka aseme ni kwa kigezo gani.

Shauku ya mambo ya kale

Kwa muda mrefu sare za besiboli zilishonwa kwa flaneli ya sufu. Mwezi Julai 1970 timu ya Pirates ya Pittsburgh ilijitokeza na sare za kitambaa kipya kilichofumwa kwa kuchanganya nyuzi za viwandani, na katika miaka michache timu nyingine zikafuata. Mashabiki wakaanza kuitamani sura ya zamani. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Mitchell & Ness ya Philadelphia ilianza kushona upya jezi za kale kwa flaneli, na mwaka 1988 kampuni ya Ebbets Field Flannels ilianzishwa kwa kazi kama hiyo. Kofia za uwanjani nazo ziliacha sufu na kuwa za poliesta mwaka 2007.

Sayansi ina la kusema kuhusu mabadiliko hayo. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, gramu 100 za sufu kavu hunyonya kiasi cha gramu 16 za maji, pamba kiasi cha gramu 8, na poliesta chini ya nusu gramu. Mchezaji wa zamani, basi, alibeba uzito wa jasho lake mwenyewe. Shabiki anayesifu jezi ya sufu ameketi jukwaani. Hakukimbia nayo juani.

Hata hivyo si haki kuidharau shauku hiyo. Mwaka 2024 ligi kuu ya Marekani ilileta sare mpya nyepesi iliyobuniwa na Nike na kushonwa na Fanatics. Wachezaji wenyewe, si mashabiki peke yao, walilalamika kwamba suruali zilionyesha mwili na majina ya mgongoni yamekuwa madogo mno. Kwa msimu wa 2025 herufi kubwa zikarudishwa. Shauku ya mambo ya kale, basi, mara nyingine hugundua upungufu wa kweli, na mara nyingine husahau adha za zamani. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni ushahidi. Wamarekani walikuwa nao: jezi za kale zimehifadhiwa, pamoja na nyingine nyingi katika makumbusho ya mchezo huo huko Cooperstown, yaliyofunguliwa mwaka 1939. Mshonaji anayetaka kujua ukweli anaweza kuhesabu nyuzi na kupima herufi.

Hali ya nyumbani

Besiboli yenyewe haijakita mizizi katika wilaya hizi, ingawa haiko mbali sana. Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Uganda, watoto wa Lugazi waliunda timu ambayo mwaka 2012 ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani. Lakini mapenzi ya wananchi wa Karagwe na Kyerwa yako kwenye kandanda. Wapo wa Yanga, klabu ya kijani na njano iliyoanzishwa mwaka 1935, na wapo wa Simba, ya nyekundu na nyeupe, iliyoanzishwa mwaka 1936 na ambayo kabla ya mwaka 1971 iliitwa Sunderland.

Wazee wanaposimulia habari za Taifa Stars katika fainali za Afrika nchini Nigeria mwaka 1980, au za Simba kufika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, aghalabu huongeza kwamba jezi za wakati ule zilikuwa jezi kweli. Zilikuwa za kitambaa gani? Kijani cha wakati ule kilikuwa kijani kipi? Picha isiyo na rangi haijibu, na kumbukumbu ya macho juu ya rangi ni dhaifu. Anayeshona leo "jezi ya kale" bila sampuli hulazimika kubahatisha. Alichobahatisha kitauzwa kama historia, na baada ya miaka 20 kitaaminiwa. Hapo ndipo ilipo hatari, nayo yazidi ile ya kibandiko cha kughushi.

Eneo hili la Maziwa Makuu lina mfano bora zaidi. Nguo ya gome la mti wa jamii ya mkuyu, ambayo Waganda huiita lubugo, ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Haikuhitaji kibandiko. Kilichohifadhiwa ni maarifa ya kubandua gome pasipo kuua mti, kulichemsha na kuliponda kwa nyundo za mbao mpaka liwe laini. Palipo na njia ya kazi inayojulikana, uhalisi unaweza kuthibitishwa kwa macho ya wote.

Kazi ya shule

Maabara ya kawaida inatosha kuanzia. Chini ya usimamizi wa mwalimu, na maji yakiwa karibu, nyuzi chache zilizochomolewa kwenye pindo hushikwa kwa koleo na kusogezwa kwenye mwali. Sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua na huelekea kuzimika yenyewe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hivyo mwanafunzi aliyeambiwa kwamba jezi ni ya pamba tupu hapaswi kuamini wala kubisha kabla ya kupima.

Kazi ya pili ni ya miaka mingi. Kila shule ya sekondari ihifadhi jezi moja ya timu yake kila sare inapobadilishwa, ikiwa na karatasi inayotaja mwaka, aina ya kitambaa, mshonaji, bei, na mechi iliyochezwa nayo. Ihifadhiwe pakavu, mbali na mwanga, kwa kuwa mwanga huvunja rangi. Anayetilia shaka jambo hilo akate kipande cha kitambaa sehemu mbili, moja aibandike dirishani na nyingine aifungie kabatini, kisha azilinganishe baada ya muhula mmoja.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili haitambuliki kwa kusifiwa. Hutambulika kwa kutunzwa, kupimwa na kuandikwa. Shule za Karagwe na Kyerwa zikianza kazi hiyo sasa, kijana atakayeinama kwenye turubai la gulio miaka 30 ijayo atakuwa na mahali pa kwenda kuuliza, na atakayemjibu atakuwa na jezi yenyewe mkononi.