Kamera ya Kukunja: Lipia Ngozi, Usilipie Jina

Mkazi wa Nabuyoga, Tororo, anayetafuta kamera ya kukunja ya miaka ya 1950 asianze na jina lililoandikwa mbele yake. Zeiss Ikon, Agfa, Kodak: wauzaji wa mitumba wanayajua majina hayo na wanajua kuyatozea bei. Kinachookoa au kuharibu picha ni ile ngozi ya makunjo, mithili ya kodiani, iliyo kati ya lenzi na filamu.

Kuipima hakuhitaji fundi. Mnunuzi aingie chumba chenye giza, afungue mlango wa nyuma wa kamera, aingize tochi ndani. Mwanga ukichungulia kwenye pembe za makunjo, hata kwa tundu la ncha ya sindano, picha zitatoka na madoa. Agfa Isolette ina sifa mbaya hapo, tena grisi yake huganda mpaka lenzi ikakataa kuzunguka. Nettar ya Zeiss Ikon haina mbwembwe, lakini mara nyingi ndiyo yenye nafuu.

Mtego mwingine ni Kodak za filamu ya 620, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuachwa 1995. Upana wake ni uleule wa filamu ya 120, ambayo bado inatengenezwa, ila kijiti cha kuizungushia ni chembamba. Asiyejua hufika nyumbani na filamu isiyoingia.

Simu si inatosha? Kwa picha ya leo, inatosha. Ila ikiibiwa stendi ya Busia bila nakala popote, harusi nzima imekwenda nayo. Musa Katuramu, mwalimu wa Mbarara, alipiga picha tangu miaka ya 1930. Negativu zake zilihifadhiwa na familia, na mradi wa History in Progress Uganda, ulioanza 2011, ukaziweka hadharani. Hiyo ndiyo sababu ya kununua. Anayetaka pambo la kabati awaachie wenzake.

Atakayenunua na ahesabu gharama mapema. Kamera ya picha za mraba hutoa 12 tu kwa filamu moja, na filamu huenda ikaagizwa Kampala au Nairobi. Nyeusi na nyeupe husafishwa nyumbani, lakini vipimo vingi vya dawa ni vya nyuzi 20. Maji ya Tororo huwa na joto zaidi ya hapo, kwa hiyo ama dakika zipunguzwe kwa jedwali la mtengenezaji, ama barafu inunuliwe kabla ya kuchanganya dawa.