Mlango wa Banda la Gari na Mvua za Kisumu



Juma lililopita tulizungumza habari za kuchimba mifereji kando ya nyumba kabla ya mvua za masika. Baada ya hapo wasomaji wawili wa hapa Kaloleni walinisimamisha njiani wakaniuliza, "Bwana Karani, umetufundisha kuyaondoa maji mlangoni, mbona hukutuambia neno juu ya mlango wenyewe?" Swali hilo lilinichoma, kwa kuwa katika jambo la mlango mimi mwenyewe nilikosa, na kosa langu lilitaka kuleta msiba nyumbani mwetu. Leo nitalieleza bila kujificha, ili mwenzangu apate faida kwa hasara yangu.

Mimi na ndugu yangu mdogo tulikopa fedha katika chama cha akiba na mikopo, tukanunua tuktuk. Yeye ndiye huiendesha, na riziki ya nyumba yake yatoka humo. Tulijenga banda dogo uani kwa mama ili chombo kilale salama, nami, kwa kuwa ni mkubwa, nikapewa kazi ya kutafuta mlango. Fundi mmoja alitaka shilingi elfu thelathini na mbili. Mwingine akasema elfu ishirini na tano zatosha, na mlango utakuwa tayari kwa siku mbili. Nikafurahi kama mtu aliyeokota fedha. Sikuuliza chuma ni cha unene gani, wala nguzo zitachimbiwa kina gani. Rangi ilikuwa nzuri ya buluu, nikadhani yatosha.

Mwezi wa Aprili mwaka 2024, mwaka ule wa mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya, mvua ilinyesha usiku kucha. Saa nane za usiku uchungu wa kuzaa ulimshika shemeji yangu. Ndugu yangu akakimbilia bandani. Mlango haukufunguka. Nguzo ya kushoto ilikuwa imeinama, mabawa mawili ya mlango yamebanana, na vyuma vya makomeo vimekwama katika matundu ya sakafu yaliyojaa tope na kutu. Tulivuta, tukasukuma, tukapiga nyundo. Majirani waliamka wakaja na mtaimbo, na mwishowe tukazivunja bawaba, baada ya nusu saa nzima, huku mgonjwa akilia barazani mikononi mwa mama. Kwa rehema za Mungu alifika hospitali kwa wakati.

Asubuhi mama aliutazama mlango uliolala matopeni, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mlango huu ulikuokolea shilingi ngapi?" Nikamjibu, "Elfu saba, mama." Hakusema neno jingine, wala hapakuwa na haja.

Basi, tangu siku ile niliazimia kujifunza. Niliwaendea mafundi wa jua kali karibu na soko la Kibuye, nikakaa nao Jumamosi kadhaa nikiuliza, nao hawakuninyima maarifa yao. Haya ndiyo niliyoyapata.

Jambo la kwanza ni kuijua nchi yako. Kisumu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka; masika huanza Machi hadi Mei, na mvua nyingine huja mwishoni mwa mwaka. Mara nyingi mvua yetu huja alasiri au jioni, na upepo mkali na radi, nayo hupiga ukuta kwa ubavu wala haianguki wima tu. Walakini shida kubwa haitoki mbinguni peke yake. Iko chini ya miguu yetu. Sehemu nyingi za mji huu, kama nyanda za Kano, zina udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hunywea na kupasuka nyufa. Ukinywa maji hufura na kuinua kila kilicho juu yake. Nguzo zangu zilichimbiwa futi moja na nusu tu, ndani ya udongo huo huo. Kwa hiyo mvua ilipokuja, nguzo moja ilisukumwa kuliko mwenzake, na mlango ukabanwa. Kosa halikuwa la mvua.

Dawa yake ni kuchimba mpaka uupite udongo mweusi na kufikia murami au mwamba. Kama udongo ni wa kina kirefu na fedha ni chache, zifungeni nguzo mbili pamoja kwa mkanda wa zege wenye nondo, upitao chini ya ardhi kutoka nguzo hii hadi ile, ili zikiinuka ziinuke pamoja. Kisha nguzo zipimwe kwa timazi, na zege liachwe likomae kwa siku saba angalau, likinyunyiziwa maji, kabla ya kutundika mlango. Fundi asemaye atamaliza kwa siku mbili, muulize zege lake ni la namna gani.

Jambo la pili ni kitu cha kutengenezea mlango. Mbao ngumu kama mvule hustahimili maji na mchwa, lakini sasa ni adimu na ghali. Mbao laini kama saipresi hufura wakati wa mvua na kupinda wakati wa jua, isipokuwa zimetiwa dawa na kupakwa rangi pande zote, hata kwenye ncha zilizokatwa, maana hapo ndipo maji huingia zaidi. Watu wengi basi huchagua chuma. Jueni ya kwamba katika hesabu ya geji, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bamba linavyokuwa jembamba. Geji 16 ni kama milimita moja na nusu. Geji 18 ni kama milimita moja na sehemu mbili za kumi. Geji 20 haifiki milimita moja. Kwa mlango wa banda, geji 18 yafaa. Iliyo nyembamba kuliko hiyo hupindika upesi ikigongwa.

Wako wasemao, "Ziwa letu ni la maji matamu, hatuna chumvi ya bahari kama Mombasa, kwa hiyo kutu si shida." Ni kweli kwamba hewa ya chumvi huharakisha kutu, lakini chuma hakihitaji chumvi ili kioze, maji na hewa zatosha. Bamba lililopakwa zinki hudumu zaidi, kwa sababu zinki hujitoa kuliwa kwanza badala ya chuma. Lakini fundi akichomelea, moto huiunguza zinki mahali pale, nako kutu huanza. Basi kila mahali palipochomelewa pasuguliwe, papakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo ipakwe rangi ya mapambo. Rangi yangu nzuri ya buluu ilipakwa juu ya chuma kitupu.

Tena angalieni mabomba ya mraba yanayofanya fremu. Maji huingia kwa juu, hukaa ndani yasionekane, na chuma huoza kutoka ndani kwenda nje. Ncha za juu zizibwe, na chini kabisa patobolewe tundu dogo ili maji yatoke.

Jambo la tatu ni namna ya kufungua. Mlango ufungukao ndani hula nafasi ya chombo, na mvua ya upepo huusukuma uache mwanya. Ufungukao nje husukumwa na upepo ule ule ukabane juu ya fremu, na hivyo maji hupungua. Ila uwe na kulabu ya kuushika ukiwa wazi, usije ukampiga mtoto, wala usizibe njia ya majirani, maana vichochoro vyetu ni vyembamba. Mlango wa kusukumwa kando, mfano wa ule wa mabehewa ya mizigo ambayo Kisumu imeyazoea tangu reli ilipofika hapa mwaka 1901, ni mzuri palipo na ukuta mrefu. Lakini utundikwe kwa juu. Reli ya chini peke yake hujaa mchanga na tope, na mlango hukwama. Mlango wa mabati membamba uviringikao juu hauchukui nafasi, ila una springi yenye nguvu nyingi. Kazi ya springi ni ya fundi anayeijua, asiiguse mtu mwingine. Upana nao upimwe kwa kutazama mbele: leo una tuktuk, kesho huenda ukapata gari. Futi nane kwa saba zatosha gari dogo.

Jambo la nne ni kuyazuia maji. Sakafu ya nje iteremke kutoka mlangoni, inchi moja kwa kila futi nne. Kizingiti kiinuliwe kidogo, kama inchi moja, mlango ukibana kwa nje yake. Kati ya mlango na ardhi pabaki nafasi ya inchi moja, nayo izibwe kwa ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu. Tope likija, mpira hupinda lakini mlango haukwami. Juu ya mlango pawe na kibaraza cha bati cha futi mbili. Makomeo ya kushuka sakafuni yawe na matundu yanayopenya mpaka kwenye kokoto chini, ili maji yasituame.

Lakini katika kuzuia maji, msizibe hewa. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi, nayo huweza kumwua mtu katika banda lililofungwa kabla hajatambua. Mvuke wa petroli nao ni mzito na hukaa chini. Wekeni matundu yenye wavu juu na chini ya ukuta, wala mtu asiwashe injini mlango ukiwa umefungwa, hata mvua ikinyesha namna gani.

Mwisho, andikeni mapatano na fundi: geji ya bamba, kina cha nguzo, bawaba tatu kila bawa, rangi ya kuzuia kutu, na malipo kwa sehemu, sehemu ya mwisho ikilipwa baada ya mlango kuonjwa na mvua. Fundi mwema hachukizwi na karatasi. Humlinda yeye pia. Kisha kila mwaka, Januari au Februari kabla ya masika, tieni grisi bawabani na suguweni kutu pakiwa padogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mlango wetu wa pili umekwisha kupita masika bila kukwama. Na mtoto yule, kwa kuwa alikuwa wa kike na alizaliwa wakati wa mvua, hatukupata taabu ya kumtafutia jina. Desturi ya Wajaluo huliweka tayari, naye ni Akoth. Kila nimwonapo akisukuma mlango kwa mikono yake midogo nao ukifunguka, nazikumbuka zile shilingi elfu saba.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuvuna maji ya mvua kutoka paani.