Kabla hujamfungia mwanao begi la kwenda soba

Begi lilikuwa tayari. Ndani yake suruali mbili, shuka, sabuni ya kipande, ndala na mswaki mpya. Mama huyo, mkazi wa Fukayosi wilayani Bagamoyo, alikuwa ameshapata na mnunuzi wa kipande chake cha shamba la mananasi. Fedha ingelipia miezi minne katika nyumba ya kuwatibu waraibu wa dawa za kulevya. Asiyejua habari za safari hiyo ni mwenye begi, kijana wa miaka 16, kidato cha pili, aliyekuwa amelala chumba cha pili.

Mpango ulikuwa wa mjomba mtu. Jumamosi alfajiri wangekuja vijana wanne na gari, wamchukue kabla hajaamka sawasawa.

"Dada, ukimwambia atakimbia. Huyu keshakuwa teja."

"Teja wa nini, kaka? Mimi nimekuta bangi tu mfukoni."

"Inaanza hivyo hivyo."

Teja wa nini? Familia nyingi hulipita haraka swali hilo, na huenda ndilo lililostahili kuulizwa kabla ya kuuza shamba.

Kijana anayetumia heroini, ambayo mtaani huitwa unga, ana tatizo la mwili pamoja na akili. Akikosa kwa saa chache tu, arosto inaanza: maumivu ya viungo, kuharisha, kutapika, kukosa usingizi. Hali hiyo huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Kwa waraibu wa aina hiyo Tanzania ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kisha Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoani. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu.

Bangi haina dawa ya aina hiyo. Gundi pia haina. Kijana wa namna hii husaidiwa zaidi kwa mazungumzo ya mara kwa mara na mtaalamu, familia ikiwamo, na mara nyingi anaweza kupata msaada huo huku akilala kwao. Kumfungia nyumba moja na watu wazima waliojidunga unga kwa miaka kumi ni sawa na kumlaza mwenye mafua kwenye wodi ya kifua kikuu.

Na kuna watoto ambao tatizo lao halikuanza na kilevi chochote. Mwenye usonji ambaye hakuwahi kupimwa, mwenye shida ya kutulia na kufuatilia jambo, au yule ambaye akili yake inakua taratibu kuliko ya wenzake, hao wote hufika umri wa balehe wakiwa wameshaitwa watukutu kwa miaka mingi. Wengine wamepata sonona baada ya msiba. Bangi inakuja baadaye, kama kitu cha kujituliza. Ukiiondoa bangi bila kujua ilikuwa inatuliza nini, umefanya nusu ya kazi.

Hata hivyo nyumba hizi zina kazi yake, na zimeokoa watu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) inaziita nyumba za upataji nafuu. Mitaani ni soba tu, neno ambalo siku hizi baadhi ya wazazi hulitumia kutishia watoto kama zamani walivyotishiwa polisi. Zanzibar ilitangulia kuwa nazo tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na upande wa Kenya mradi wa Omari wa Malindi ulianza miaka ya 1990. Nyingi huendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe, kwa kufuata hatua 12 zilizotokana na vikundi vya walevi vilivyoanza Marekani mwaka 1935. Mtu hukaa miezi kadhaa, anaamka kwa ratiba, anafanya usafi, anahudhuria vikao, anasema mbele ya wenzake alichowafanyia watu wake. Kwa mtu mzima aliyechoka na maisha ya maskani na kuamua mwenyewe, utaratibu huo una nguvu.

Kijana wa miaka 16 aliyebebwa usingizini hajaamua chochote.

Mwaka 1999 watafiti Dishion, McCord na Poulin walichapisha kazi iliyowashtua wengi: kuwakusanya pamoja vijana wenye matatizo ya tabia kunaweza kuongeza matatizo hayo, kwa sababu vijana hufundishana na kuchekeana makosa. Umri huo, sifa kutoka kwa rika ina uzito kuliko nasaha za mkubwa. Marekani, ambako biashara ya makazi ya kurekebisha vijana ni kubwa, ofisi ya Bunge ya ukaguzi ilieleza mwaka 2007 kwamba ndani ya mwaka 2005 pekee majimbo 33 yaliripoti wafanyakazi 1,619 waliohusika na matukio ya kuwatesa au kuwadhuru vijana kwenye makazi hayo. Wazazi wa vijana hao walilipa fedha nyingi, na waliwapenda watoto wao.

Kwa hapa nyumbani, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, inampa haki ya kusikilizwa katika jambo linalomhusu, na inakataza kumtesa. Minyororo, kipigo cha kumkaribisha mgeni na kunyimwa chakula si tiba, hata kama mzazi ametia saini. Wapo pia wanaodhani serikali ina mahali pa kupokea watoto walioshindikana. Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, hupokea watoto kwa amri ya mahakama. Mzazi hawezi kubisha hodi na mtoto mkononi.

Ikiwa mtaalamu amempima na kushauri kijana akakae nje ya nyumbani, mzazi aende akapaone kwanza, bila miadi ikiwezekana. Aombe kuona cheti cha usajili, kisha aombe kuona wanapolala. Watoto wametengwa na watu wazima? Nani ana taaluma ya afya pale, na usiku akiugua anapelekwa wapi? Mzazi ataruhusiwa kuzungumza na mwanawe faragha, au daima kutakuwa na mtu pembeni? Nyumba inayojibu "utamkuta amenyooka" bila kueleza wanamnyoosha vipi, ni ya kuagwa hapo hapo. Kwa binti ugumu unaongezeka, maana nyingi ya nyumba hizi ni za wanaume.

Jambo jingine husahaulika kwenye furaha ya kumpokea: aliyekuwa anatumia unga akirudi kutoka soba, mwili wake hauhimili tena kiwango cha zamani. Akiteleza siku moja na kupima kile kile alichozoea, anaweza kufa.

Mama wa Fukayosi hakumwamsha mtu Jumamosi ile. Alimwambia kaka yake amsubirishe mwenye gari, na Jumatatu akapanda basi na mwanawe hadi hospitali ya wilaya, Bagamoyo. Njiani hawakusema kitu. Muuguzi aliuliza kijana alianza lini kutoroka shule, mama akataja mwezi, kisha akanyamaza. Ulikuwa mwezi wa pili tangu wamzike baba yake.

Wamepangiwa kurudi kila baada ya wiki mbili, pamoja na kumwona ofisa ustawi wa jamii kuhusu shule. Bangi hajaiacha, ameipunguza, kwa maneno yake mwenyewe, na mama haamini sana. Mjomba amekasirika. Begi bado liko chini ya kitanda, na mnunuzi wa shamba ameambiwa asubiri mpaka mavuno.

Kutoa taarifa au kuomba ushauri kuhusu dawa za kulevya, DCEA hupokea simu bure kwa namba 119. Kwa mtoto anayefanyiwa ukatili, namba ni 116.