Kamera pekee haitawaondolea wagonjwa wa Garissa safari ya Nairobi

Matibabu ya mionzi katika kituo cha saratani cha Hospitali ya Rufaa ya Garissa yamewapunguzia wengi wa Kaskazini Mashariki adha ya kufuata tiba mbali. Hata hivyo, anayehitaji kamera ya gama, mathalan kubaini iwapo saratani ya matiti au ya tezi dume imefika mifupani, huelekezwa Nairobi. Kwa mkazi wa Mandera, hizo ni takriban kilomita 1,000.

Wito wa kununuliwa kamera hiyo una mashiko. Kinachosahaulika ni kolimeta, bamba la madini ya risasi lenye maelfu ya vitundu linalofungwa mbele ya kamera. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi, nayo hutoka mwilini ikielekea kila upande. Bamba huipitisha ile iliyonyooka tu. Katika kila miale 10,000, hupita mmoja hivi.

Hapo ndipo penye utata. Vitundu vyembamba na virefu huleta picha safi, lakini mgonjwa hulala kwa muda mrefu zaidi. Vipana huharakisha kazi na kufifisha picha, na doa dogo kwenye uti wa mgongo laweza kupotea. Hata bamba bora likiachwa mbali na mwili, picha huingia ukungu. Tena bamba la teknetiamu-99m halifai kwa iodini-131 inayotumiwa kwa saratani ya dundumio, kwa kuwa miale yake yenye nguvu hupenya kuta za vitundu.

Je, mikataba hutaja mabamba yapi yataletwa? Mradi wa kukodi vifaa wa 2015 ulilenga hospitali 98, lakini Seneti ilipouchunguza ilibainika kuwa baadhi ya mashine zilikaa bure kwa kukosa wataalamu au umeme. Mpango uliofuata humlipa mwenye mashine kwa kila huduma. Kamera ya gama ikiingizwa humo bila masharti, atakayeharakisha foleni ndiye atakayevuna zaidi.

Dawa nayo ina saa yake. Teknetiamu-99m hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya saa 6, muda unaokaribia ule wa safari ya barabara kutoka Nairobi hadi Garissa. Pasipo jenereta ya molibdeni hospitalini, inayobadilishwa takriban kila wiki, kipimo kitafika kimepungua, na mhudumu atashawishika kufunga bamba la vitundu vipana ili amalize kazi.